Uwanda Mweupe Nyuma ya Mikoko

Kila mara nchi inapohimizwa kupanda miti, swali moja hurudi Malindi, katika pwani ya Kenya, na katika vijiji vya kaskazini mwake: kwa nini ule uwanda mweupe ulio nyuma ya mikoko uachwe tupu, ilhali miche ipo na watu wa kupanda wapo? Tangu serikali ilipotangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na hasa tangu tarehe 13 Novemba 2023 ilipofanywa siku ya mapumziko ili kila mtu akapande, swali hilo limekuwa likijibiwa kwa jembe kabla ya kujibiwa kwa akili. Nami nimo miongoni mwa waliolijibu kwa jembe, na yaliyotupata nitayaeleza hapo mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ninaposema uwanda wa chumvi nakusudia ardhi tambarare iliyo kati ya msitu wa mikoko na nchi kavu, ambayo maji ya bahari huifikia siku chache tu katika mwezi. Sehemu yake ni tupu kabisa na hung'aa kwa chumvi. Sehemu nyingine imefunikwa na mimea mifupi inayotambaa, yenye majani manene yaliyojaa maji, pamoja na nyasi ngumu zinazostahimili chumvi. Hiyo sehemu yenye majani ni ndugu wa vile vinamasi vya chumvi ambavyo wengi wetu tumeviona katika filamu za ndege na wanyama za Uingereza na Marekani, mbuga za nyasi zinazofunikwa na bahari kisha zikafunuliwa. Sehemu nyingi za kule mikoko haiwezi kuishi kwa sababu ya baridi kali, kwa hiyo nyasi ndizo zinazotawala tope lote. Kwetu mikoko imeshika sehemu ya chini, na mimea ya chumvi imesukumwa nyuma, penye jua na ukavu zaidi. Misimu yao ni ya theluji na joto. Misimu ya uwanda wetu ni kaskazi, masika, kusi na vuli, na mtu asiyeitofautisha atapanda wakati ambao mwenyeji angekunja mikono.

Neno la pili ni mkoko wenyewe, na hapa lugha yetu inatuchezea kidogo. Tunaliita mkoko kila mti unaoota ndani ya maji ya chumvi, na papo hapo mkoko ni jina la mti mmoja maalumu, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui na matunda marefu kama fimbo fupi. Kenya ina aina tisa za miti hii: mlilana, mkoko, muia, mkandaa, mchu, kikandaa, mikomafi miwili na mmoja zaidi ambao ni adimu. Mtu akiambiwa "tupande mikoko", huchukua vijiti vya mkoko ule wa miguu ya buibui, kwa kuwa ni rahisi kuokota na kuchomeka, akavipeleka mahali ambapo mti huo haukupata kuishi hata siku moja.

Ufunguo wa uwanda huu ni maji, na maji ya bahari yana kalenda yake. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa mstari mmoja, likawa bamvua: maji hupanda sana na kupwa mbali sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, yaani karibu na tarehe 7 na 22 za mwezi wa kuandama, huwa maji mafu, na tofauti hiyo hushuka ikakaribia mita 1. Hayo kila mvuvi anayajua. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba kila hatua ya ufuo ina idadi yake ya siku za kuloa. Mlilana uliosimama mbele kabisa huloa karibu kila siku. Mkandaa ulio nyuma husubiri maji yanayopanda zaidi. Uwanda wa chumvi hupata bamvua tu, na pembe zake za juu kabisa hungoja bamvua kubwa za mwezi Machi na Septemba, jua linapopita juu ya ikweta.

Sasa chukua sinia, mimina humo maji ya bahari kidogo, liweke juani. Kila lita ya maji hayo ina kama gramu 35 za chumvi. Maji yatapaa, chumvi itabaki. Mimina tena baada ya wiki mbili, nayo yatapaa, na chumvi itaongezeka juu ya ile ya kwanza. Uwanda wetu ni sinia hilo. Mvua ya Malindi kwa mwaka mzima ni kama milimita 1,000, ilhali jua na upepo vinaweza kukausha maji ya kina cha zaidi ya milimita 2,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaleta wenye mashamba ya chumvi Gongoni, Ngomeni, Kurawa na Marereni, ambako hutoka sehemu kubwa ya chumvi inayozalishwa Kenya. Wao huyafungia maji ndani ya matuta na kuyahamisha kutoka kidimbwi hadi kidimbwi mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa, ndipo chembe za chumvi huanza kuganda. Uwanda wa asili hufanya kazi hiyohiyo bila kibarua, ila hauifikishi mwisho, kwa sababu mvua na bamvua huusuuza. Ukiuondolea usuuzaji huo, hata kwa tuta dogo la barabara, sinia litaendelea kujaa chumvi peke yake.

Anayetaka kuuona uwanda unavyobadilika aende mara mbili, mwezi Februari na mwezi Juni. Februari, kaskazi imeshavuma wiki nyingi na mvua hakuna. Ganda jembamba la chumvi hupasuka chini ya kandambili kama sukari iliyogandia kaimati. Ukilibandua kwa kidole, chini yake utakuta tope la kijivu, baridi na laini, ambalo bado limeloa, kwani ganda lenyewe huzuia maji yaliyo chini yasikauke upesi. Mgeni hudanganywa na tope hilo. Huona unyevu akadhani mche utakunywa. Kumbe maji hayo yanaweza kuwa na chumvi mara mbili au tatu ya ile ya bahari, na mzizi mchanga uliowekwa humo hunyonywa maji yake badala ya kuyanyonya. Majani ya mimea inayotambaa, yaliyokuwa kijani kibichi mwezi wa Julai, wakati huu yamekuwa mekundu kama mdomo wa mla tambuu. Wapita njia husema mimea hiyo inakufa. Haifi, wekundu huo ni kinga ya jani dhidi ya jua na chumvi, na mvua ikinyesha kijani hurudi.

Masika huja mwishoni mwa Machi au Aprili, na mara nyingi huukuta uwanda umeshafuliwa na bamvua kubwa za Machi. Mvua huyeyusha ganda, maji baridi hushuka kupitia mashimo ya kaa, na chumvi husukumwa chini au hurudishwa baharini kwa vijito. Kaa hawa, wadogo wenye gando moja kubwa kupita mwili, hawapewi heshima wanayostahili: kila shimo lao ni bomba la kupitisha hewa na maji katika tope ambalo vinginevyo lingeshikamana kama sakafu. Ni katika msimu huu pia ambapo matunda ya mchu huanguka, yaliyo bapa kama haragwe pana, na kuelea hadi pale bamvua litakapoyaacha. Mengi huachwa mahali pabaya yakakauka. Machache huachwa kwenye kijinyasi au kando ya kijito, yakatoa mzizi ndani ya siku chache, na kuwa na miezi kadhaa ya mvua na upepo wa kusi ya kujijenga kabla ya joto kurudi.

Kusi yenyewe sina mengi ya kuisemea, isipokuwa kwamba manyunyu yake ya Julai ndiyo yanayoupa uwanda kijani chake kizuri zaidi. Kuanzia Agosti na Septemba huanza kufika ndege wa ufuoni waitwao vitwitwi kutoka kaskazini ya mbali, hadi Siberia, nao hukaa mpaka Aprili wakila funza na kaa wadogo katika tope la hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na mlango wa mto Sabaki, ambako heroe nao huonekana. Maji yanapojaa na kufunika tope la chini, ndege hawa huhitaji mahali pa kusimama pakavu, pasipo miti ambamo adui atajificha, na uwanda ulio wazi huwafaa kwa hilo. Kisha vuli, mvua fupi isiyoaminika ya Oktoba na Novemba, na baada yake kaskazi huingia tena.

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Miaka kadhaa iliyopita kundi letu lilikwenda kupanda mwezi wa Novemba, karibu na Ngomeni, baada ya mvua mbili za nguvu. Uwanda ulikuwa na madimbwi, tope lilikubali vijiti bila jembe, na tulipiga picha za kupendeza. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake kivulini alitutazama kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Wanangu, hapo mmepanda kwenye kikaango." Mmoja wetu akamjibu kwa adabu, "Babu, mbona tope limeloa?" Mzee akasema, "Limeloa mvua. Halijaloa bahari." Tuliporudi mwezi Machi tulikuta vijiti vimesimama kwa mistari ileile iliyonyooka, vimekauka, vyeusi, na weupe wa chumvi umevizunguka shinani kama mtu aliyevimwagia kwa kijiko.

Watu wengi wakisikia kisa kama hicho husema chumvi ndiyo adui wa mti. Si kweli hivyo, na ni vyema kueleza kwa nini, maana dhana hiyo huzaa dawa zisizo dawa. Jamii ya mikoko ina mbinu zake za kuishi na chumvi. Mkoko na mkandaa huichuja mizizini, mfano wa tui linavyochujwa kwenye kifumbu: maji hupita, na chumvi karibu yote hubaki nje. Mchu huiacha ipite kiasi, kisha huitoa jasho kupitia majani. Ulambe upande wa juu wa jani lake asubuhi ya kaskazi na utaonja chumvi safi. Ile mimea inayotambaa huihifadhi katika majani manene, ikiipooza kwa maji mengi. Lakini kila mbinu ina kikomo. Kifumbu kikizibwa na machicha tui halipiti, na mizizi inayozungukwa na chumvi iliyozidi hushindwa kuvuta maji hata kama imesimama ndani yake. Kwa hiyo tatizo ni chumvi iliyokosa njia ya kutoka, na njia hiyo ni maji yanayoingia na kurudi.

Dhana nyingine ni kwamba uwanda usio na miti ni ardhi iliyokufa, isiyo na mwenyewe wala kazi. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, lakini uwanda ulio nyuma yake umezoea kutazamwa kama kiwanja kinachongoja mtu wa kukitumia, iwe kwa mabwawa ya kamba, kwa chumvi au kwa nyumba. Malalamiko ya wakazi wa kaskazini mwa Malindi kuhusu ardhi na maji katika eneo la mashamba ya chumvi yaliifanya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya kufanya uchunguzi wa wazi na kutoa ripoti mwaka 2006. Sitaingia katika ugomvi huo hapa; natosheka kusema kwamba ardhi isiyo na kazi haigombewi namna ile. Uwanda hupunguza kasi ya maji ya mvua yanayoshuka kutoka bara, ukashika sehemu ya udongo kabla haujafika kwenye mizizi ya mikoko. Zaidi ya hayo, ndio chumba cha akiba cha msitu. Bahari duniani inapanda kwa kama milimita 3 hadi 4 kila mwaka, na mikoko hujibu kwa kusogea nyuma, kizazi baada ya kizazi, ikiwa kuna nyuma pa kusogea. Penye ukuta, barabara au tuta la kidimbwi, haina pa kwenda.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kurudisha maji ni kukaribisha mbu. Mbu hupenda maji yaliyotuama, yasiyo na samaki. Kidimbwi kilichozibwa na kusahauliwa ni nyumba yao. Mahali panapoingia na kutoka maji ya bahari, pamoja na vidagaa vinavyokula viluwiluwi, hapawafai sana.

Tukija kwenye urejeshaji, yaani kuirudishia ardhi iliyoharibiwa hali yake, jambo la kwanza ni kutenganisha ardhi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna uwanda ambao daima ulikuwa uwanda, kwa sababu ya kimo chake. Huo hauhitaji kurejeshwa kuwa chochote. Uachwe, na ng'ombe, pikipiki na takataka vizuiwe. Kuna kisha uwanda uliozalishwa: palikuwa na mchu na mkandaa, watu wakaikata, wakajenga tuta, wakafuga kamba au wakavuna chumvi, kisha wakaondoka. Huo ndio wa kushughulikiwa. Alama zake husomeka kwa macho: visiki vya zamani, mistari ya matuta iliyonyooka kuliko asili inavyochora, na vijito vinavyofika kwenye tuta vikaishia hapo kama njia iliyokatwa na ua wa jirani.

Kidimbwi cha namna hiyo kina ugonjwa zaidi ya mmoja. Maji yamekatazwa kuingia, kwa hiyo chumvi imejaa. Tope lililokuwa laini limekauka na kunywea, hata sakafu ya kidimbwi ikawa chini kuliko ardhi ya nje. Na tope la mikoko lina salfa nyingi, ambayo ikiwa chini ya maji haina madhara, lakini ikikauka na kukutana na hewa hugeuka kuwa asidi; mvua ya kwanza ikinyesha, asidi hiyo huchuruzika na kuunguza mizizi na matamvua ya samaki. Kuchomeka vijiti ndani ya ardhi hiyo ni sawa na kumlisha mgonjwa pilau kabla ya kumtibu tumbo.

Tiba huanza kwenye tuta. Hulibomoi lote, kwa sababu maji yakiingia kwa wingi kutoka kila upande huchimba na kuondoka na tope. Unalikata mahali pachache, hasa pale kijito cha zamani kilipokuwa kikipita, na ndani yake unachimba tena mikondo midogo iliyopinda ili maji ya bamvua yafike mwisho wa kidimbwi na, jambo ambalo husahauliwa, yaweze kurudi yote yanapokupwa. Kisha unasubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wafadhili, kwa kuwa hakuna picha. Katika ghuba ya San Francisco, Marekani, ambako zaidi ya ekari 15,000 za vidimbwi vya chumvi zilinunuliwa mwaka 2003 kwa ajili ya kurejeshwa, matuta ya vidimbwi vitatu yalikatwa mwaka 2006. Maji yaliyoingia yalileta tope na mbegu, na mimea ya chumvi ikaota bila kupandwa. Mimea yao si yetu, wala tope lao si letu, lakini kanuni ya maji ni ileile: yakifunguliwa njia, huleta mbegu yenyewe ikiwa msitu wa karibu bado upo. Miche ya kitalu huhitajika pale tu msitu wa jirani umekwisha au uko mbali mno, na hapo iwe mchu kwa sehemu za juu na mkandaa chini yake, ipandwe masika yanapoanza, si vuli.

Kinyume chake kimejaribiwa vya kutosha. Nchini Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, mikoko ilipandwa kwa wingi sehemu nyingi. Watafiti walipokagua maeneo 23, tisa kati ya hayo hayakuwa na mche hata mmoja uliosalia. Idadi ya miche iliyopandwa ni hesabu ya siku ya sherehe. Hesabu yenye maana huchukuliwa baada ya kaskazi mbili au tatu.

Malindi ina tatizo lake la ziada, nalo ni Sabaki. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, na masika hushuka na udongo mwekundu ambao kila mkazi wa mji ameuona ukitia rangi bahari. Udongo huo kwa kiasi ni baraka, maana hujenga tope jipya ambalo mchu huota. Ukizidi, hufunika ile mizizi iliyosimama kama penseli ambayo mchu hupumulia, na mti hufa umesimama. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliua mikoko mingi kwa njia hiyo katika hori la Mwache, karibu na Mombasa. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya kuokoa uwanda wa pwani hufanywa mbali na pwani, kwenye mashamba ya milimani yasiyo na matuta ya kuzuia mmomonyoko.

Kundi letu halijaacha kupanda, ila sasa halianzi kwa miche. Mwezi Machi, siku moja kabla ya bamvua, tunakwenda na vijiti vya kawaida vya mwitu, kila kimoja kimepakwa chokaa, tukavisimika kwa mstari kutoka ukingo wa mikoko hadi penye nyasi za nchi kavu, hatua kumi kati ya kimoja na kingine. Kesho yake tunarudi maji yakishapwa, tukatazama chokaa imeoshwa mpaka kijiti cha ngapi. Tunafanya vivyo hivyo kwenye maji mafu, kisha bamvua linalofuata. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, penye ile mistari yetu ya vijiti vyeusi, bamvua kubwa la mwaka liliishia vijiti viwili kabla ya kufika.